Joto lipo, nguo mbichi: uchambuzi wa draya moja ya Mombasa

Malalamiko yalikuja mawili, na ukiyasikia pamoja yanapingana. Draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, inapata moto kupita kiasi, bati la juu huwezi kuliwekea kiganja. Na nguo hazikauki. Mzigo wa taulo unazunguka saa tatu, ukiutoa bado mbichi. Una uvuguvugu, lakini mbichi. Siku za karibuni limezidi la tatu: harufu ya nguo iliyoshikwa na pasi, ilhali hakuna nguo hata moja iliyobadilika rangi.

Nyumba iko orofa ya tatu, kuna watoto wadogo, na ulikuwa mwezi wa Mei, masika yamekolea, kamba ya nguo barazani haina kazi. Draya ni ya kilo 6, ya aina inayotoa hewa nje kwa mpira mnene wa inchi nne. Kibandiko cha nyuma kinasema volti 230 hadi 240, hezi 50, wati 2600. Ilinunuliwa kwenye duka la vitu vya ex-UK, yaani vilivyotumika Uingereza vikaletwa kwa kontena, na hapo hakuna la kulaumu: plagi ni ileile ya pini tatu na stima ni ya namna moja na yetu. Anayeleta draya ya Marekani ndiye huingia taabuni, kwa sababu mota yake imetengenezewa volti 120 na hezi 60 huku elementi, yaani koili inayotoa joto, ikitaka 240, na mashine moja yenye matakwa mawili haitulizwi na transfoma ya dukani.

Nilikuwa nimetanguliwa na mafundi wawili. Wa kwanza aliitwa draya ilipokuwa baridi kabisa: inazunguka, haitoi joto. Akakuta fyuzi ya joto, ile inayokata umeme wa elementi joto likipita kiasi, imekatika, akaweka mpya, moto ukarudi. Hazikupita wiki nyingi, ikakatika tena. Akamwambia mama mwenye nyumba kwamba hewa ya Mombasa ina maji mengi, draya za Ulaya haziiwezi. Wa pili alikuja, akafungua nyuma, akamaliza kwa muda mfupi, na tangu hapo joto halijakatika tena. Alichofanya hakukisema. Tutakifikia.

Kabla ya kufungua skrubu nilitaka namba mbili: maji yaliyomo kwenye nguo, na umeme unaoingia kwenye mashine. Mafundi wengi wa draya hukimbilia kupima elementi, kwa kuwa ndiyo inayouzwa na ndiyo inayolipa. Lakini mashine inayochoma kiganja si mashine yenye elementi iliyokufa.

Kwa maji, mizani ya kuning'iniza inatosha, ile ya kupimia masanduku ya safari. Taulo zilikuwa kilo 3.0 zikiwa kavu. Zikafuliwa, zikakamuliwa na mashine ya kufulia, zikatoka na kilo 4.7. Maji ni kilo 1.7, kiasi cha kawaida kabisa. Zingetoka na kilo 5.5 ningeiacha draya nikaigeukia mashine ya kufulia, maana mara nyingi draya hulaumiwa kwa nguo ambazo hazikukamuliwa. Kilo moja ya maji ikitaka kugeuka mvuke hula kama theluthi mbili ya yuniti ya stima. Kwa hiyo mzigo ule ulihitaji yuniti moja na kidogo, na draya ya nguvu zile ikifanya kazi sawasawa, hata ukiipa posho ya joto linalopotea, ilipaswa kuumaliza kwa saa moja hivi. Saa tatu ni nyingi mno. Nishati inapotea mahali, au haiingii.

Kwa umeme, nilitumia mita ya kubana, inayosoma ampea kwa kuuzunguka waya. Mita hii haisomi kitu ukibana kebo nzima, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Ninao waya mfupi wa kati ambao ganda lake la nje nimelichana ili nibane ule wa moto peke yake. Volti kwenye soketi ilikuwa 236 kabla ya kuwasha na 231 elementi ikivuta. Hilo liliondoa dhana iliyokuwa imeshika mizizi mle nyumbani, kwamba stima ni ndogo. Hata kama ingeshuka hadi volti 200, draya ingebaki na kama asilimia 70 ya nguvu zake. Ingechelewa, ila ingekuwa ya baridi zaidi, si ya moto zaidi.

Mita ikasema hivi. Mwanzo, karibu ampea 11. Hiyo ni elementi na mota pamoja, hesabu inakubaliana na kibandiko. Baada ya kama sekunde 40, klik ndogo nyuma ya bati, na namba ikaanguka hadi ampea moja: mota tu, inazungusha pipa. Karibu dakika tatu ikabaki hapo. Klik tena, 11. Sekunde 40. Klik, moja. Nikaiacha iendelee hivyo huku tukinywa chai, na mdundo haukubadilika.

Kwangu mimi kesi iliamuliwa hapo, ingawa sababu bado sikuwa nimeiona kwa macho. Elementi ilikuwa inafanya kazi chini ya moja ya tano ya muda. Wastani wake ni kama wati 430, na ukigawanya yuniti moja na kidogo kwa wati 430 unapata saa mbili na nusu na zaidi, kabla hujahesabu joto linaloishia kwenye bati. Saa tatu za mama mwenye nyumba hazikuwa chumvi. Thamostati, swichi inayojizima na kujiwasha kwa joto, ilikuwa ikizima elementi kwa sababu sanduku la elementi lilikuwa linachemka, na lilikuwa linachemka kwa sababu hakuna hewa ya kuliondolea joto. Wenyewe walikuwa wanahisi moto uliokwama.

Watu huifikiria draya kama jiko linalozunguka. Kumbe kazi kubwa humo ni ya hewa. Panga la feni lililofungwa kwenye mota ileile inayozungusha pipa huvuta hewa ya chumbani, ikapita kwenye elementi, ikaingia kwenye pipa, ikachukua maji ya nguo, ikapita kwenye chujio la usufi (nyuzi laini zinazotoka kwenye nguo), ikasukumwa nje kwa mpira. Elementi imepimwa kwa hewa hiyo: wati 2400 na ushei ni sawa ikiwa upepo unapita, na ni hatari ukisimama. Ziba njia popote, mwanzo au mwisho, na dalili ni hizihizi.

Hapa inafaa kumjibu fundi wa kwanza kuhusu hewa ya Mombasa, kwa sababu maneno yake nimeyasikia kwa wengi na yana sura ya ukweli. Ni kweli hewa ya Mei ina maji. Lakini hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 85, ukiipasha hadi nyuzi 60 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 16. Hewa hiyo ina kiu kubwa. Itakausha taulo Mombasa kama inavyozikausha Leeds, Uingereza. Masharti ni mawili tu: ipashwe joto, na itoke. Unyevu wa pwani unaathiri kamba ya barazani. Kwa draya unahesabika kidogo sana, isipokuwa mpira ukiwa umechomoka na hewa yenye mvuke inarudi chumbani kuvutwa upya.

Jaribio lililofuata ni la dakika mbili. Nikachomoa mpira nyuma ya mashine, nikafungua dirisha, nikawasha. Karatasi ya risiti niliyoishika mbele ya tundu ilipokonywa na upepo. Kwa hiyo panga ni zima, halijalegea kwenye shafti, na chujio si tatizo (mama mwenye nyumba alikuwa akilisafisha kila mara, na alisema hivyo kwa ukali wa mtu aliyekwisha kuulizwa sana). Mita nayo ilibadilika: elementi ikashika ampea 11 dakika baada ya dakika bila klik. Tatizo lilikuwa baada ya tundu, si kabla yake.

Mpira wenyewe ulikuwa mrefu kuliko ilivyohitajika, umelala nyuma ya mashine ukakandamizwa na ukuta, halafu ukapanda kuelekea tundu la ukutani, halafu ukapita kwenye bomba la plastiki hadi nje. Pale chini, kwenye tumbo la mpira, palikuwa na maji. Niliyamwaga kwenye ndoo: ya kijivu, yenye usufi umeoza ndani yake, na yanatosha kikombe cha chai na zaidi. Hayo si maji ya kuvuja. Ni mvuke wa nguo uliokosa nguvu ya kutoka, ukapoa njiani ukawa maji, yakashuka kwenye sehemu ya chini kabisa na kuziba robo ya njia. Mpira ukilegea hivyo hujiziba wenyewe pole pole hata kama mwisho wake uko wazi.

Na mwisho wake haukuwa wazi. Ilibidi tumwombe mzee anayeangalia jengo ngazi, maana tundu linatokea kwenye ua wa ndani, juu. Kwa chini lilionekana kama kifuniko cha kawaida cha plastiki. Nilipofika nikakuta nyuma ya kifuniko kuna wavu wa mbu, umekatwa vizuri kwa mkasi na kufungwa kwa waya. Wavu haukuonekana. Kilichoonekana ni bamba la usufi la rangi ya kijivu, nene kama kidole, limeshikana hata ukiligonga linatoa mlio mzito. Nilichomoa waya, likatoka zima, limechukua alama za matundu ya wavu mgongoni.

"Huo wavu niliutia mimi, fundi," mzee akasema kutoka chini, akiishikilia ngazi. "Mbu walikuwa wakiingia ndani, wapangaji wanalalamika."

"Ulifanya vyema, mzee wangu. Ila hapa panatoka nyuzi za nguo, na matundu haya ni madogo."

"Sasa mbu je?"

Swali la haki. Jibu lake ni kifuniko chenye kilimi, yaani kibamba chepesi kinachoning'inia: draya ikiwaka upepo unakisukuma kinafunguka, ikizimwa kinaanguka kwa uzito wake. Mbu hapiti, popo hapiti, na usufi hauna mahali pa kushika. Wavu wa aina yoyote, hata wa matundu makubwa, haufai kwenye njia ya draya. Chujio huachia usufi mwembamba kila mzunguko, na wavu wa mwisho hugeuka kuwa chujio la pili ambalo hakuna anayejua kama lipo.

Nikarudi kwenye mashine, na hapa ndipo lile la fundi wa pili lilipojitokeza. Nilipofungua bati la nyuma na kufikia sanduku la elementi, nilikuta vifaa viwili vidogo vya duara vinavyokaa pale. Kimoja ni thamostati, inayozima na kuwasha. Cha pili ni fyuzi ya joto, ambayo hukatika mara moja tu na hairudi, kwa makusudi kabisa. Kwenye fyuzi, nyaya zake mbili zilikuwa zimechomolewa zikaungwa pamoja kwa kipande cha waya wa shaba na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imeanza kuyeyuka pembeni.

Nitalisema hili bila kupunguza. Kuunga moja kwa moja ili kupima, kwa sekunde chache, mkono ukiwa kwenye swichi, kila fundi hufanya. Kuunga moja kwa moja kisha ukafunga bati, ukapokea pesa, ukaondoka, ni kuacha moto kwenye nyumba yenye watoto. Kuanzia siku ile kilichobaki kati ya elementi na usufi ni thamostati moja, ikifunguka na kufunga kila baada ya dakika chache, mzigo baada ya mzigo, ikikata ampea 10 kila mara. Ncha za thamostati zina umri. Zikichoka, mara nyingine hugandana zikiwa zimefungwa, na elementi haizimiki tena. Fyuzi ya joto ipo kwa ajili ya siku hiyo.

Na lazima tumsome pia fundi wa kwanza. Yeye hakufanya hatari. Aliweka kifaa sahihi. Lakini fyuzi ile inapokatika inasema kwamba mahali hapa palipita joto ambalo halikupaswa kupita. Yake ilikatika, akaibadilisha, ya pili ikakatika, akalaumu hali ya hewa. Fyuzi ya joto haichakai kwa kawaida. Ukiibadilisha bila kuuliza kilichoikata, unamuuzia mtu wiki chache.

Ndani ya sanduku, kwenye koili, palikuwa na vipande vidogo vya usufi vyeusi, vimeungua vikawa kama majivu yaliyoshikana. Harufu ya pasi ilikuwa inatoka humo. Upepo ukikwama, usufi unaopaswa kwenda nje hutanda ndani ya mashine, na mwingine huvutwa tena kupitia kwenye elementi. Chini ya mashine, karibu na mota, usufi ulikuwa umejaa kiasi cha kujaza mfuko wa duka.

Uingereza, ambako draya hizi hutoka, jambo la usufi na elementi lilishakuwa kubwa. Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba aina nyingi za draya za Hotpoint, Indesit na Creda zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015 zina kasoro inayoweza kuufanya usufi uguse elementi na kushika moto. Zilikuwa mamilioni. Agosti 2016 jengo la ghorofa la Shepherd's Bush, London, lilishika moto ulioanzia kwenye draya ya aina hiyo, na mwaka 2019, serikali ilipotangaza kusudio la kuiamuru, kampuni ilianza kuziita zilizokuwa bado majumbani. Draya niliyokuwa nimeifungua haikuwa ya chapa hizo, na ndilo jambo la kwanza nililolitazama kwenye kibandiko. Anayenunua ya ex-UK naye alitazame kabla ya kutoa pesa, kwa sababu mashine iliyoondolewa jikoni kwa mtu kule haiandikwi usoni kwa nini iliondolewa.

Elementi nilipima kwa ukamilifu tu, nyaya zikiwa zimechomolewa: omu 23.6. Ni nzima. Kati ya koili na bati la sanduku, mita haikusoma muunganiko wowote, kwa hiyo haivujishi umeme kwenye mwili wa mashine. Nilipuliza koili, nikafuta sanduku, nikavuta usufi wote chini, nikaweka fyuzi ya joto na thamostati mpya pamoja. Huuzwa kama jozi na hufaa kubadilishwa kama jozi. Thamostati iliyokwisha klik maelfu ya mara kwenye joto la kukwama siiamini, hata ikiwa bado inasoma vizuri kwenye mita.

Plagi nayo. Draya ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni pamoja na friji. Pini ya moto ya plagi ilikuwa imegeuka kahawia, na fyuzi ya ampea 13 ndani yake ina alama ya kuungua upande mmoja. Ampea 11 kwa saa nzima kupitia ekstensheni ya bei rahisi ni joto la pili lisilotazamwa na thamostati yoyote. Nikakata waya, nikaweka plagi mpya, draya ikapata soketi yake ya ukutani, friji ikahamia kwingine.

Mpira nikaukata ukabaki na urefu wa kutosha kuinuka moja kwa moja hadi tundu la ukutani, bila tumbo na bila kukunjwa, mashine ikasogezwa mbele kidogo. Kifuniko chenye kilimi kikawekwa nje. Dirisha la chumba cha kufulia sasa linaachwa na upenyo draya ikiwaka, kwani hewa inayotolewa nje lazima ipate ya kuingia badala yake. Chumba kilichofungwa kabisa kinaikaba draya kwa upande wa pili.

Taulo zilezile zikaloweshwa na kukamuliwa tena, kilo 4.7 kwenye mizani. Mita ilibaki kwenye 11 kwa zaidi ya nusu saa bila klik. Kisha, taulo zilipokaribia kukauka na hazina maji ya kutosha kumeza joto, thamostati ikaanza kuzima na kuwasha, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Dakika ya 55 nikazitoa: kilo 3.05. Bati la juu lilikuwa na joto la kawaida, mkono unakaa. Nje, kilimi kilikuwa kimeinuka na hewa inatoka kwa nguvu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulitengeneza. Pipa linatoa mkwaruzo mdogo nyuma, kwenye bushi inayobeba shafti, unaosikika zaidi likiwa tupu. Bushi imelika kidogo, lakini pipa halijashuka na ukanda wa sufi unaoziba kati ya pipa na ukuta wa mbele haujachanika. Mama mwenye nyumba aliuliza kama ni lazima ibadilishwe sasa, nikamwambia hapana. Akiona nguo zinatoka na mistari myeusi ya kukwaruzwa, au vifungo vinanaswa ukingoni mwa pipa, asiwashe tena mpaka ipate bushi mpya. Mzee wa jengo yeye alikuwa na lake: kwenye ukuta uleule kuna matundu mengine yenye wavu, na akataka kujua ni nyumba zipi zina draya. Mbili, ilivyotokea. Moja ya nyumba hizo ilikuwa imekwisha kubadilishiwa fyuzi ya joto.